Mbuzi Mmoja Kwenye Vitabu vya Nguzo

Kampuni ya Nguzo Majumba ilikuwa na mali tatu hapa duniani: jumba la ghorofa tatu mjini Embu, kiwanja kitupu nyuma ya jumba hilo, na mbuzi mmoja jike. Jumba na kiwanja kila mwenye hisa alivijua, maana kwa ajili ya vitu hivyo aliuza kahawa yake ya mwaka mzima akanunua hisa. Mbuzi alijulikana na wachache. Alikuwa ameandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mali, chini ya meza sita na mashine ya kupiga chapa: "Mbuzi jike, mweusi, mapengo mawili sikio la kushoto. Sh. 750. Yuko Kiritiri."

Mkaguzi wa hesabu alipoufikia mstari huo, Februari ya 1995, aliweka kalamu chini.

"Mzee Ireri," alisema, "hii ni real estate company ama ni ranchi?"

Mkaguzi huyo alikuwa binti wa Meru aitwaye Gacheri, mwenye miwani mikubwa na tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili. Aliyeulizwa alikuwa karani wa hesabu wa Nguzo, Ireri, mzaliwa wa Kanja, umri miaka hamsini na minane, aliyefiwa na mkewe miaka tisa iliyopita. Ireri alikuwa mtu wa kofia na koti la kahawia, mpole kupita kiasi, lakini ukimgusa vitabu vyake anakuwa mbogo.

"Huyo mbuzi," alijibu, "ndiye aliyetuwekea hili jumba. Kaa nikueleze."

Gacheri akakaa, na sisi pia tukae, maana bila habari za mbuzi huyo mengine hayataeleweka.

Mwaka 1991 Nguzo walikopa benki shilingi milioni moja na laki nane wamalizie ghorofa ya tatu. Riba ilikuwa asilimia ishirini. Lakini chini ya barua ya benki, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, paliandikwa kwamba benki inaweza kubadilisha riba wakati wowote ipendapo. Wakurugenzi wote waliyaruka maneno hayo wakaenda kula nyama choma. Ireri peke yake ndiye aliyeyasoma, na yakamkaa kichwani kama ukoko wa mtama kwenye jino bovu. Kodi ya vyumba haiwezi kupandishwa kila benki inapoamka vibaya. Riba ikipanda, jumba litauzwa.

Akawafikiria mbuzi za baba yake. Kule Kanja ni baridi na mashamba yamebanana kahawa na chai, mbuzi hana pa kula. Kwa hiyo baba yake aliweka mbuzi zake kwa rafiki huko chini Kiritiri, na rafiki huyo naye, jua likizidi, alipata chakula kutoka Kanja. Watu wa huku wamefanya hivyo tangu zamani. Mbuzi anabaki kuwa wako. Anayekutunzia anakunywa maziwa, na mara kwa mara unamwachia mtoto mmoja. Una ruhusa ya kwenda kumwona mbuzi wako siku yoyote, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Na akifa, mtunzaji anakuletea ngozi yake pamoja na masikio. Unaangalia alama ya sikio ujue ni wako, unaangalia shingo kama ilipitiwa na kisu. Ukikuta shingo ni nzima, basi amekufa kifo chake, na huna la kudai.

Ireri akajiuliza: mimi riba ikipanda naumia, je, ni nani riba ikipanda anafurahi? Jibu lilikuwa rahisi. Ni yule aliyeiweka pesa yake benki. Na mmoja wa namna hiyo alimfahamu.

Huyo alikuwa Wamuyu, aliyeolewa katika boma lile lile la Kiritiri lililotunza mbuzi za baba yake Ireri. Mume wake, dereva wa tingatinga, alifia kazini, na kampuni ya barabara ikalipa fidia ya laki sita. Wamuyu hakununua gari wala kufungua baa, ingawa shemeji zake walimpa mashauri ya kutosha. Aliziweka zote benki kwa muda maalumu, benki hiyo hiyo ya Nguzo, akawa anaishi kwa faida yake na kwa biashara ndogo ya ndengu katika soko la Embu, huku akimsomesha bintiye Kanini. Hofu yake ilikuwa kinyume cha ile ya Ireri: aliogopa riba kushuka.

Siku moja ya mwaka 1992 Ireri alikwenda kwenye kibanda chake, akamweleza kwa punje za ndengu juu ya gunia. Fungu hili ni laki sita za mkopo wetu. Fungu hili ni laki sita zako. Mstari wetu ni ishirini. Benki ikitutoza zaidi ya ishirini, wewe utatulipa kilichozidi, maana na wewe utakuwa unapata zaidi. Ikitutoza chini ya ishirini, sisi tutakulipa kilichopungua. Kila miezi mitatu, kwa miaka mitano, mpaka Juni 1997. Na zile laki sita zako usiziguse mpaka siku hiyo, ili tujue zipo.

Wamuyu alizisogeza punje fungu kwa fungu kwa kidole.

"Karatasi nimeielewa, Karani," alisema. Alimwita hivyo kwa utani, na Ireri alipenda kuitwa hivyo kuliko alivyopenda kukiri. "Lakini watu hawawekeani kitu kikubwa hivi kwa wino peke yake. Niletee mbuzi."

Ndipo kampuni ya majumba ikanunua mbuzi.

Mwaka uliofuata, wa tisini na tatu, riba zilipaa. Mkopo wa Nguzo ukatoka ishirini ukafika thelathini na nne. Pale mjini majumba mawili yalipigwa mnada kabla ya Krismasi. La Nguzo likasimama, kwa sababu kila miezi mitatu Wamuyu alipanda ngazi mpaka ofisini na bahasha yenye shilingi elfu ishirini na moja, asilimia kumi na nne ya laki sita, akaziweka mezani bila kulalamika. Benki ilikuwa ikimpa yeye asilimia thelathini mwaka huo, kwa hiyo alilipa na bado akabaki na zaidi ya alivyokuwa akipata mwanzo. Aliezeka nyumba mabati, akaongeza mbuzi hadi arobaini.

Kwenye vitabu, Ireri hakuwahi kuziita pesa hizo mapato. Aliandika riba yote ya benki jinsi ilivyo, kisha chini yake akaondoa kilicholetwa na Wamuyu. Kwake haikuwa faida. Yalikuwa maumivu yaliyopunguzwa, na maumivu yaliyopunguzwa hugawi kwa wenye hisa.

Gacheri alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Hii kitu mmefanya," alisema polepole, "benki za Nairobi ndio wanaanza kuongea juu yake. Na nyinyi mkafunga na mbuzi."

"Tungefunga na nini?"

Kuna jambo moja Ireri hakumwambia. Siku za bahasha alikuwa akilipiga pasi koti lake. Alikuwa akimwagizia Wamuyu chai ya maziwa kutoka hoteli ya chini, na wakakaa nusu saa wakizungumza Kiembu chake na Kimbeere cha mama huyo, lugha mbili zinazosikilizana kama ndugu. Lakini tangu Septemba Wamuyu alikuwa haji tena, hata kibandani sokoni alikuwa haonekani. Bahasha ililetwa na dereva wa lori la mchanga, kamili, siku ile ile, bila neno. Ireri alidhani amemchosha. Alijiambia kwamba mtu wa umri wake hana haki ya kuumia kwa jambo kama hilo, na akaumia.

Mwenyekiti wa Nguzo aliitwa Mwaniki. Alikuwa na kituo cha petroli, sauti kubwa, na ahadi aliyoitoa mwaka jana mbele ya watu wote kwamba safari hii kila mwenye hisa atapata gawio. Hesabu za 1994 zikaja na hasara ya laki moja na sitini elfu. Mwaniki alizitazama asubuhi nzima, kisha akapata wazo, na wazo lake halikuwa la kijinga.

"Ireri, huyu mama atatulipa mpaka June ninety-seven, si ndiyo?"

"Ndiyo, Chairman."

"Twenty-one thousand, mara kumi. Hiyo ni laki mbili na kumi. Andika yote sasa. Hiyo promise ni mali yetu. Tunatoka kwa loss tunaingia profit ya elfu hamsini, na watu wanapata kitu."

"Bado hajalipa."

"Hata rent ya December wapangaji hawajalipa, na umeiandika!"

Ilikuwa kweli. Deni unaloamini litalipwa unaliandika. Alimgeukia Gacheri, aliyekuwa mezani pa dirishani na kalkuleta yake.

"Inaweza kuandikwa," Gacheri alisema. "Lakini mimi siwezi kusaini juu ya ahadi kama sijui mwenye kuahidi amesimama aje. Mpelekee barua athibitishe. Na uangalie, Mzee."

"Niangalie nini?"

"Wewe ndio unajua cha kuangalia huko. Mimi nimekulia Meru town."

Ireri alipanda lori la mchanga lililokuwa likirudi tupu, Jumatano asubuhi, barua mfukoni, koti limepigwa pasi. Alishuka Kiritiri sokoni, akatembea kwa mguu hadi bomani. Njiani alijipangia atakavyosema, akabadilisha mara tatu.

Wa kwanza kuonana naye alikuwa Kanini, amebeba mtungi wa maji mgongoni. Msichana wa kidato cha tatu, shule ya bweni, yuko nyumbani Jumatano ya mwezi wa tatu. Alimwamkia kwa adabu akapita haraka. Kisha Ireri akaliona zizi. Alilizoea likiwa na kelele za mbuzi arobaini. Sasa mlangoni palisimama mbuzi wawili wadogo, na ndani ya jiko, kimefungwa kwenye mguu wa kigoda, kitoto kimoja cha mbuzi kisichozidi miezi miwili.

Wamuyu alitoka akifuta mikono. Alikuwa amekonda mashavu, na viatu vyake vilikuwa ndara za tairi.

"Karani! Umekuja kuona mbuzi wako?"

"Nimekuja na barua."

Walikaa kwenye benchi nje ya jiko. Barua ilisema kwamba kampuni inatarajia kutoka kwake shilingi elfu ishirini na moja kila miezi mitatu hadi Juni 1997, na kama anakubali atie sahihi. Wamuyu aliisoma, akaomba kalamu, akatia sahihi. Hakuchukua hata dakika mbili.

Ireri alikunja barua. Hapo kazi yake ilikuwa imekwisha. Angeweza kunywa chai akaondoka.

"Mama Kanini," alisema, "mbuzi wako wapi?"

"Wameuzwa."

"Wote?"

"Mbuzi ni wa kuuzwa, Karani."

"Na mtoto mbona hayuko shule?"

"Anapumzika kidogo."

"Nionyeshe karatasi yako ya benki."

Alikataa. Akakataa tena, na mara ya tatu akainuka akaenda ndani, akarudi nayo akampa huku akiangalia kando. Ireri alivaa miwani. Akaisoma, akairudia tangu juu. Tangu Juni mwaka uliopita benki ilikuwa imeshusha faida ya Wamuyu kutoka thelathini mpaka kumi na nne. Nguzo ilikuwa bado inatozwa thelathini na nne.

Alijua hesabu kabla ya kuipiga. Kumi na nne ya laki sita ni elfu themanini na nne kwa mwaka, elfu ishirini na moja kila miezi mitatu. Serikali inakata humo kodi, elfu mbili na mia moja. Halafu Wamuyu anaipa Nguzo elfu ishirini na moja. Tangu Juni mama huyu alikuwa akipokea pesa ya benki kwa mkono mmoja, akiongeza elfu mbili za mbuzi, na kuitoa yote kwa mkono wa pili. Mtaji wa ndengu ulikuwa umekwisha kuliwa. Chakula ni mbuzi. Karo ni mbuzi. Nauli ya kwenda Embu ni mbuzi.

Na kosa lilikuwa la nani? Alilijua pia. Karatasi ilikuwa mwandiko wake. Alikuwa ameandika "riba ya mkopo wa kampuni", kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye barua mbele yake. Hakuandika neno hata moja juu ya riba ya Wamuyu. Alidhani kwa kuwa benki ni moja, riba zake mbili zitapanda pamoja na kushuka pamoja, kama mbuzi na kivuli chake. Hakufikiria kwamba benki inaweza kukumbuka kushusha inacholipa na kusahau kushusha inachotoza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia riba yenu ikipanda nitalipa. Imepanda."

"Lakini yako imeshuka!"

"Nilijua. Karatasi haikusema yangu." Alivuta kanga mabegani. "Na mwaka ule nilikula vizuri kwa karatasi hiyo hiyo, Karani. Sikuja kukurudishia."

Ireri aliinamisha kichwa. Kisha akaonyesha kwa kidole wale mbuzi watatu.

"Na hawa mbona hukuuza?"

Wamuyu alimshangaa kana kwamba ameuliza swali la kitoto.

"Hao si wangu. Ni watoto wa mbuzi wa kampuni."

Akaingia jikoni, akasimama juu ya kigoda, akashusha kutoka darini ngozi nyeusi iliyokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Ilinuka moshi. "Alikufa Januari, akizaa. Huyu mdogo nimemlea kwa chupa. Nilikuwa nataka kuileta mwenyewe, maana si kitu cha kutuma na dereva, lakini nauli haikupatikana. Angalia shingo."

Ireri hakuangalia shingo. Alishika ngozi ile mapajani kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka, mtu mzima na koti lake lililopigwa pasi. Alimpenda mama huyu wakati ule kuliko alivyowahi kujiruhusu, na kwa kuwa hapa hatuna sababu ya kumfichia, tuseme pia kwamba alikuwa amempenda tangu siku ya ndengu.

"Usilie," alisema Wamuyu, naye sauti yake haikuwa sawasawa. "Ni mbuzi mmoja tu."

Mwaniki alipoona barua yenye sahihi, alimpiga Ireri begani kwa furaha. Ireri alipomweleza mengine, furaha ikaisha.

"Alisaini ama hakusaini?"

"Alisaini."

"Basi. Hizo zingine ni huruma, na huruma haina ukurasa kwa vitabu. Na ana laki sita kwa benki! Akishindwa, tunachukua huko." Akashusha sauti. "Una miaka miwili ustaafu, Ireri. Mkutano ni Jumamosi. Fikiria gratuity yako."

Ireri aliifikiria. Alifikiria pia laki sita za fidia ya mtu aliyekufa, zikiliwa na jumba lake.

Jumamosi ukumbi wa kanisa pale Manyatta ulijaa wenye hisa, wakulima na walimu, kila mmoja na njaa ya gawio. Aliyekuwa na njaa kuliko wote alikuwa Mbaka, mzee wa hisa mia mbili, aliyekuwa akiuliza habari za gawio kila mkutano tangu kampuni ilipozaliwa. Mwaniki alieleza juu ya ahadi ya laki mbili na kumi na faida ya elfu hamsini. Watu wakapiga makofi. Kisha Gacheri akainuka.

"Bado sijasaini," alisema. "Nilituma karani aende aone. Nataka aseme kile aliona, mbele yenu."

Ireri alisimama. Hakuwa mzungumzaji. Alichukua furushi chini ya kiti, akafungua kamba, akaitandaza ngozi juu ya meza ya mwenyekiti, juu ya zile hesabu zenyewe.

Hapakuwa na mtu mle ndani aliyehitaji kuelezwa ngozi yenye masikio ni kitu gani.

"Huyu ni mbuzi wetu," alisema Ireri. "Yuko kwenye vitabu, shilingi mia saba na hamsini. Tulimweka kwa Wamuyu wa Kiritiri siku tuliyoandikiana. Mwaka tisini na tatu, mama huyo alituletea elfu ishirini na moja kila miezi mitatu, na hili jumba halikupigwa mnada. Mimi niliandika karatasi vibaya. Niliandika riba yetu, sikuandika yake. Yetu imebaki juu, yake imeanguka. Tangu Juni anatupa kila senti anayopewa na benki, na nyingine juu yake. Ameuza mbuzi arobaini. Mtoto wake amefukuzwa shule kwa karo. Nilimpelekea barua akasaini bila kuuliza. Kosa ni langu, na kama ni kunifuta kazi, nifuteni. Lakini hiyo laki mbili na kumi mimi siandiki. Ahadi iko, ila kilichokuwa kikiibeba kimekufa."

"Hiyo ni story!" alisema Mwaniki. "Tuko na signature!"

Mbaka alikuwa amekwisha inuka. Alikuja mpaka mezani kwa mwendo wake wa pole, akavuta ngozi kwenye mwanga wa dirisha. Akashika sikio la kushoto, akahesabu mapengo kwa ukucha: moja, mbili. Akaipindua. Akapitisha kidole gumba shingoni, upande huu mpaka upande ule, taratibu, huku watu wakimtazama. Alirudia mara ya pili.

"Shingo ni nzima," alisema. "Alikuwa na watoto?"

"Watatu."

"Wako wapi?"

"Wako. Mmoja amemlea kwa chupa. Wake aliuza wote. Hawa wa kampuni hakugusa."

Mbaka alibaki ameshika ile ngozi. Alitaka gawio lake, kila mtu alijua, na hakuna aliyejua zaidi yake mwenyewe jinsi alivyolitaka. Mabati ya nyumba yake yalikuwa yanavuja. Alimgeukia Mwaniki.

"Chairman, mimi nimedai pesa hapa mpaka nimechukiwa. Lakini mtu amekuletea ngozi, umeangalia shingo, halafu unamdai nini tena? Mimi siwezi. Uza kile kiwanja cha nyuma, upunguze deni la benki. Huyu mama muachilie."

Mikono ilipoinuliwa, Gacheri aliihesabu mara mbili, kwa tabia yake. Iliyopinga ilikuwa minne. Karatasi ya Wamuyu ikafutwa siku hiyo, na kwa kura hiyo hiyo zile elfu mbili na mia moja alizoongeza kila mara tangu Juni zikaamriwa zirudishwe kwake. Hesabu zikatoka na hasara yake ya laki moja na sitini, na shilingi mia saba na hamsini juu, thamani ya mbuzi aliyekufa. Mwaniki hakusema na Ireri mwezi mzima. Ngozi yenyewe Gacheri aliitoboa pembeni akaifunga kwenye faili pamoja na barua na risiti, na faili likakataa kufungika.

Kisha Ireri alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alinunua kutoka kwa kampuni mmoja wa wale mbuzi watatu, yule mdogo, kwa shilingi mia nne, akajikatia risiti, akaiandika vitabuni.

Alifika Kiritiri siku ambayo mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na njia yote ilikuwa utelezi. Kanini alikuwa amerudi shule. Wamuyu alikuwa akipanda ndengu nyuma ya nyumba, akaja na matope mikononi. Ireri alimpa karatasi ya makubaliano yenye mhuri wa "IMEFUTWA" na bahasha ya pesa zake. Mama huyo aliisoma hadi mwisho. Akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa viganja vyenye matope.

"Basi imekwisha," alisema hatimaye. "Hutakuwa na sababu ya kuja tena huku."

"Yule mdogo wa chupa," alisema Ireri, "nimemnunua. Si wa kampuni tena, ni wangu." Akatoa risiti kuthibitisha, karani hadi mwisho. "Lakini kwangu Kanja ni baridi, unajua. Nimekuja kukuomba unitunzie."

Wamuyu aliichukua risiti. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Ile nyingine ilikuwa na siku ya mwisho," alisema. "Hii mpaka lini?"

"Sikuandika."

Ndani ya jiko kitoto cha mbuzi kilisikia sauti ya mlezi wake kikaanza kulilia maziwa. Wamuyu aliikunja risiti mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akainuka.

"Mwenye mbuzi huja kumwona mbuzi wake," alisema. "Uje Jumamosi, Karani. Uje asubuhi, unywe chai."